Mgongo Uliowekeshwa Natta

Mume wangu Protasi ana rafiki mmoja tu, na rafiki huyo anakaa Natta. Wengine wote amewachosha. Mtu akija hapa kwetu Nkende kuazima jembe, hata chai haijamiminwa, Protasi anamsimamisha mbele ya ukuta wenye picha alizobandika na kumuuliza anaona nini. Mtu wa watu ana shamba linamngoja. Anasema anaona ukuta. Basi Protasi anatikisa kichwa kwa huzuni, jembe linatolewa, na mgeni yule harudi tena, hata jembe analirudisha kwa mkono wa mtoto.

Simioni hakuona ukuta. Simioni ni mtunza stoo kwenye kambi moja ya watalii huko kwao, na wageni wakiondoka wanaacha magazeti ya sanaa, naye anayasoma taratibu, kamusi pajani. Walikutana Mugumu, kwenye foleni ya duka la dawa za mifugo. Ukutani palikuwa na kalenda yenye mchoro wa mlima wa theluji. Protasi, ambaye alikuwa mwalimu na hajui kunong'ona, akasema aliyechora mlima ule alikuwa anauogopa. Mtu nyuma yake akasema hapana, alikuwa anaupenda, ila alikuwa hajapata nafasi ya kuuambia. Walibishana mpaka duka likafungwa. Ng'ombe wa Simioni wakakosa dawa ya kupe, na urafiki ukaanza.

Tangu hapo wanaandikiana barua. Simu wanazo wote wawili, lakini Protasi anasema simu ni ya misiba na bei ya mahindi. "Barua isiyosafiri ni karatasi tu," huwa anasema, na mimi nimelisikia neno hilo mpaka naliota. Barua yake inapanda basi la asubuhi kwenda Mugumu, kutoka Mugumu inapanda gari jingine hadi Natta. Ikishapanda, Protasi anampigia Simioni simu.

"Bwana Simioni, barua imepanda."

"Ahsante, Mwalimu. Ni ndefu?"

"Ndefu."

Wanakata. Yaliyomo ndani ya barua hayaguswi kwenye simu hata kidogo. Siku moja mke wa Simioni alilazwa Mugumu, Simioni akapiga simu kuomba maombi, Protasi akaomba naye vizuri, na wote wawili wakamaliza bila kugusia barua ya kurasa kumi iliyokuwa njiani, inayohusu rangi ya kijivu.

Sasa nieleze habari ya picha, maana ndiyo iliyotufikisha hapa.

Tuliwahi kuwa na mpangaji kwenye chumba cha uani, Mboje, Msukuma aliyekuja kutafuta dhahabu Nyamongo. Dhahabu ilimkimbia. Siku ambazo hakwenda shimoni alikaa mlangoni pake akichora kwa rangi za nyumba, juu ya vipande vya turubai. Alipoamua kurudi kwao Shinyanga, alituachia picha moja kama shukrani. Ni mwanamke anaanika nguo, ametupa mgongo. Kanga ya bluu, mikono juu, shuka jeupe linapepea mbele yake. Uso hauonekani. Protasi aliiangalia siku ile, akasahau kumsindikiza Mboje stendi. Akaipa jina: Mwanamke Asiyegeuka.

Mgongo ule ni wangu.

Sisemi kwa kujisifu. Kamba ni ya kwetu, kanga ni yangu, na bega la kushoto limeshuka kwa sababu tangu utoto nabeba ndoo upande huo. Mboje alikaa mlangoni, mimi nilikuwa kambani, huyo mwanamke mwingine alitoka wapi? Nilimwambia Protasi siku ileile. Alinitazama kwa upole, jinsi anavyowatazama watu wanaoona ukuta.

"Mama Nora," akasema, "usiishushe kazi ya mtu. Yule ni mwanamke wa dunia nzima."

Mimi wa Nkende nikaenda kuwapa kuku wangu maji. Lakini iliniuma, na kila mwaka ikazidi. Kila Jumamosi mume wangu alikaa mezani akimwandikia mwanaume mwingine juu ya mgongo wangu, jinsi unavyobeba mwanga, jinsi unavyokataa kujieleza, na mgongo wenyewe unampita pale pale na beseni, naye anaondoa miguu nipite. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake: aseme ni wewe.

Hoja yao kubwa ilikuwa uso. Kwa kuwa hauonekani, je, mwanamke anacheka au analia? Simioni alishika upande wa kicheko, Protasi upande wa kilio, mwaka uliofuata wakabadilishana pande kwa hiari ili haki itendeke. Sanduku zima la barua. Hakuna aliyeniuliza mimi.

Nilikuwa nalia. Wiki ile tulikuwa tumemzika mama yangu, kwetu upande wa Sirari, na yale yalikuwa mashuka aliyougulia. Niliyafua mwenyewe, sikutaka mtu mwingine ayaguse. Nilikuwa na vibanio mdomoni, nikilia navyo, ndiyo maana sikutoa sauti, na Protasi alikuwa ndani anamwandikia Simioni juu ya ile kalenda.

Basi ikafika siku Simioni akaandika kwamba amechoka kuijua picha kwa maneno. Protasi hakulala vizuri siku kadhaa. Kuitoa zawadi hakutaka, kuiuza ni matusi. Ndipo akakumbuka kwao Itiryo. Kwao mtu hafugi ng'ombe wake wote zizi moja. Anawapeleka wengine kwa rafiki wa mbali, ili ugonjwa ukija au wezi wakija, wasimalize wote. Huko ndiko kuwekesha. Rafiki anachunga na kunywa maziwa, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na ng'ombe akifa rafiki analeta ngozi, ili ijulikane kwamba kweli alikufa na hakuliwa kimya kimya.

"Nitamwekesha," Protasi akaniambia. Picha alishaanza kuiita kama kitu chenye kwato. "Kutazama ndiyo maziwa. Simioni atakunywa."

Nikamuuliza kama ataipeleka kwa mguu na fimbo. Aliifunga kwa blanketi letu la wageni, akaipandisha basi, akapiga simu kwamba imepanda. Simioni aliuliza kama ni ndefu, kwa mazoea.

Miaka ikapita vizuri. Picha ikakaa sebuleni kwa Simioni, juu ya magunia ya mahindi, na barua zikawa nzuri kuliko zamani kwa sababu sasa mmoja anaona na mwingine anakumbuka. Wakabishana hata juu ya idadi ya vidole. Kisha mwaka jana, baada ya mavuno, ikaja barua ambayo Protasi aliisoma akiwa amesimama.

"Ndugu yangu katika sanaa," Simioni aliandika, "nakuandikia kwa huzuni. Alfajiri ya jana tembo alitoboa ukuta wa sebule kufuata mahindi. Alipoingiza kichwa alikutana na picha. Akasimama. Nakuapia, Mwalimu, alisimama masikio wazi, kwa muda ambao mimi na wewe hatujawahi kuitazama bila kusema neno. Kisha akaivuta kwa pembe na kuondoka nayo. Mahindi hakugusa."

Protasi alikaa. Nilidhani atalia. Akaomba kalamu. Swali lake la kwanza lilikuwa tembo alisimama upande gani, kwa kuwa mwanga wa ile picha unatoka kushoto. Simioni akajibu kwamba alisimama kushoto. Nadhani hapo ndipo wivu ulipoingia. Barua ya pili Protasi aliuliza ngozi iko wapi.

"Ngozi imeondoka na tembo," Simioni akaandika.

"Kwetu," Protasi akamjibu, "mtu akisema ng'ombe amekufa na ngozi hana, tunajua amekula nyama. Tembo anayeacha mahindi na kuchukua picha, huyo ni tembo au ni dalali?"

Barua zikakoma. Hata simu ya mahindi ikakoma.

Ninyi mnaweza kudhani nilifurahi. Mtu mwenye kurasa kumi kila wiki, ukimfungia njia, kurasa zile zinaenda wapi? Zilikuja jikoni. Alikaa kwenye kigoda akinieleza kwamba ugali wangu una umbo zuri lakini hauna swali. Akaniambia kuku weupe wasikae pamoja na wekundu. Nilivumilia. Kilichoniumiza ni kingine. Ile turubai ndiyo ilikuwa shahidi wangu pekee. Nilikuwa nikijiambia kwamba siku moja itarudi, nitasimama kando yake, na hata mtu kama Protasi ataona. Sasa shahidi amechukuliwa na tembo.

Kiangazi cha mwaka huu Simioni akatokea mlangoni bila barua wala simu. Alikuwa amekonda. Mkononi ana gunia, kwapani ana mfuko wa unga uliofungwa kwa kamba.

"Shikamoo, shemeji," akaniambia, ingawa ni mimi ninayepaswa kumwamkia. Ndivyo alivyokuwa amechanganyikiwa. "Mwalimu yupo? Nimeleta ngozi."

Wachungaji walikuwa wameiokota picha korongoni. Protasi akaikunjua uani. Matope yamekauka, katikati imekanyagwa ikatoboka, na kilichobaki ni pindo la kanga ya bluu na kiwiko. Protasi akakipapasa kile kiwiko muda mrefu. Lakini moyo wake ulikuwa bado mgumu, akasema mambo haya yana utaratibu wake, akampigia simu Mzee Werema aje kutoka Itiryo. Mzee Werema ndiye huitwa kuamua pale ng'ombe wa kuwekeshwa wanapoleta ugomvi. Simioni alilala chumba cha uani, kile cha Mboje, na wenyewe hawakusemezana hata wakati wa kula. Walipitishiana chumvi kupitia kwangu.

Mzee Werema alifika asubuhi, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaitazama turubai.

"Mliniambia ng'ombe amekufa," akasema. "Hii ni nini?"

Protasi akamweleza. Alieleza kwa kirefu, akaanzia kwenye kalenda ya mlima wa theluji. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akashika fimbo yake.

"Mura, kijana wangu, mambo ya picha mimi siyajui. Ya ng'ombe nayajua. Nikisikia tena neno picha, nasimama naondoka, gari la Itiryo bado lipo."

Wakakubaliana hivyo. Mimi sikuitwa kwenye kikao, lakini nilikuwa nimefua mashuka, na mashuka hayangoji kesi. Nilichukua beseni nikaenda kambani, hatua chache kutoka walipo, nikaanza kuanika.

"Ng'ombe huyo alikuwa wa rangi gani?" Mzee Werema akauliza.

"Bluu," Protasi akasema. "Na weupe mbele."

"Wa bluu. Sawa. Alikuwa anakula nini?"

"Mwanga, mzee," Simioni akajibu. "Wa asubuhi. Nilimweka kwenye dirisha la mashariki."

"Alikonda?"

"Hapana. Alipauka kidogo tu."

"Na maziwa mlikunywa wangapi?"

"Mimi na mke wangu, kila jioni nikitoka kazini. Na Jumapili majirani wanne watano."

"Majirani," Protasi akasema. "Hukuniandikia habari ya majirani."

"Walikuwa wanakaa kimya, Mwalimu. Nisingewaruhusu waongee."

Mzee Werema akagonga fimbo chini. "Ng'ombe aliyekaa kwa mtu miaka yote hiyo, mbona sisikii uzao? Alizaa au alikuwa tasa?"

Simioni akainama. Akautazama ule mfuko wa unga. Uso wake ulibadilika kama wa mtoto aliyekutwa kwenye sukari, na mimi nikaacha shuka nusu.

"Alizaa mmoja," akasema.

Protasi alisimama. Mzee Werema akamwambia akae. Simioni akafungua mfuko polepole, akatoa kipande cha mbao laini. Alikuwa amejaribu kuichora mwenyewe ile picha, siku za mapumziko, kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka milango ya vyoo vya kambi. Mwanamke alikuwa kijani kibichi. Shingo ndefu, mkono mmoja mnene kuliko mwingine, na shuka linafanana na mlango.

"Ndama si mzuri," Simioni akasema. "Niliona aibu kukuandikia. Nilitaka nijue mkono wa Mboje ulipita wapi."

Protasi akatazama kile kitu cha kijani, na nilijua anatafuta neno la kukichinja. Mzee Werema akakichukua kwanza. Akakiweka gotini. Watu wa ng'ombe hawatazami kama sisi. Hakuangalia rangi wala shingo, aliangalia mgongo, akateremka nao kwa jicho kuanzia bega hadi kiuno.

"Siwezi kusema ndama ni wa nani bila kumjua mama," akasema.

"Mama ndiye huyo amekufa, mzee. Ngozi hiyo hapo."

"Ngozi imekanyagwa, haioneshi kitu."

Akainua kichwa akaangaza uani, jinsi mtu anavyoangaza zizini kwa jirani. Nilikuwa nimeinua mikono, vibanio mdomoni. Nikasikia kiti cha plastiki kinalia.

"Mama yake si yule pale?"

Mzee Werema akaanza kuhesabu.

"Bega la kushoto limeshuka. La ndama limeshuka. Kiwiko kimetoka nje vilevile. Kichwa kinalalia kulia kidogo. Mmeniita kutoka Itiryo mnasema ng'ombe amekufa, na yuko hapa anaanika."

Nilitamani kusema jambo juu ya kuitwa ng'ombe kwenye uwanja wangu mwenyewe, lakini nilikuwa na vibanio. Nikasikia hatua za Protasi. Aliokota ile turubai, akasogea karibu, akaiinua hewani kando yangu. Pindo la bluu na kiwiko. Nilimsikia anavyopumua.

"Mama Nora," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia akiwa na mgeni. "Hebu geuka."

Sikugeuka. Nilibana shuka pembe ya kwanza, nikabana ya pili.

Nyuma yangu Mzee Werema akatoa hukumu. Ngozi imekuja, kwa hiyo Simioni hana kosa. Ndama ni wa Protasi, awe kijani au awe na rangi gani. Wapeane mikono. Wakapeana. Kisha akasema kuna jambo moja hajalielewa.

"Mlimpeleka ng'ombe mpaka Natta ili apate wa kunywa maziwa yake. Huyu aliyebaki hapa, maziwa yake anakunywa nani?"

Protasi ana kurasa kumi juu ya kijivu. Safari hii nilimsikia anaikunja turubai tu. Ndipo nilipotoa vibanio.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Mimi si ng'ombe."

"Marahaba, mama. Naliona hilo. Lakini hawa nilishawaambia sisikilizi kitu kingine."

Alikunywa chai akaondoka. Simioni na mume wangu walikaa uani mpaka jioni, bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza niliwaona wamekaa pamoja bila kubishana. Protasi alinijia nilipokuwa nafunga kuku.

"Siku ile," akasema. "Ulikuwa unacheka au unalia?"

Ningeweza kumjibu. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu tangu siku ile ya vibanio. Lakini hasira yangu ilikuwa na miaka yake, nayo ilitaka heshima.

"Niandikie," nikasema.

"Nikuandikie? Si uko hapa?"

"Barua isiyosafiri ni karatasi tu."

Jumamosi akakaa mezani. Nilipita na beseni, akaondoa miguu nipite, kisha akaacha kuandika akanitazama mpaka nikafika mlangoni. Barua ikapanda basi la asubuhi kwenda Mugumu, ikafika Natta, na Simioni, aliyekwisha kurudi kwake, akaona jina langu juu ya bahasha, na bila kuifungua akaigeuza ikapanda tena kurudi Nkende. Simu yangu ikalia.

"Shemeji, barua yako imepanda."

"Ahsante. Ni ndefu?"

"Mwalimu huyo. Bahasha imevimba."

Niliisoma jikoni, mlango nimefunga. Kulikuwa na mwanga, kulikuwa na kukataa kujieleza, yale yale aliyokuwa akimwandikia Simioni. Lakini kulikuwa pia na ndoo. Alikumbuka ndoo ya njano niliyokuwa nabeba tulipooana, iliyokuwa na ufa, na jinsi maji yalivyokuwa yakiteremka upande wa kushoto wa gauni. Sikujua kama aliwahi kuiona. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na maneno mawili tu juu, ni wewe, na chini yake lile swali. Nililia kwa sauti, bila vibanio.

Jibu langu ni sentensi tatu. Nimemwambia nilikuwa nalia, nimemwambia mashuka yale yalikuwa ya nani, nimemwambia yeye alikuwa wapi. Sikuongeza neno la kumlainishia. Jumatatu nikaenda stendi mwenyewe, nikaikabidhi kwa kondakta, nikarudi nyumbani na kukaa jikoni. Kupitia dirishani nilimwona mume wangu uani, amesimama karibu na kamba, anasubiri bila kujua anasubiri nini. Nikampigia simu. Akaipokea.

"Barua imepanda," nikamwambia.

"Ahsante, Mama Nora. Ni ndefu?"

"Fupi. Lakini ukiisoma, uwe umekaa."

Nikamwona anavuta kile kiti cha plastiki, anakiweka chini ya kamba pale ninaposimama nikianika, na barua hata Mugumu ilikuwa haijafika.

"Nimeshakaa," akasema.